Miguu ya Kapteni Lubere

Nchi ya Ukondo ipo, nami nimekaa humo siku ishirini na moja. Njia ya kufika sitaisimulia. Njia ni vumbi na kiuno kuuma, na vumbi kila mtu analo mlangoni kwake. Nitasema nilichokiona, kama nilivyokiona, na pale nilipoduwaa nitasema niliduwaa. Wajukuu wanasema naongeza chumvi. Siongezi. Kama ni kosa, basi nimepunguza, maana mengine mpaka leo nikiyakumbuka hukaa chini.

Nilikwenda kwa sababu ya Nambua. Mimi na yeye tulichezwa unyago msimu mmoja, tukaitana somo tangu siku ile. Yeye akaolewa Ukondo, mimi nikabaki kwetu nikazaa na kuzika. Miaka thelathini na tisa ikapita kwa barua tu, na zake aliandikiwa na jirani, kwa kuwa shule hakuiona. Barua ya mwisho ilisema: "Somo, mwanangu Lubere amechaguliwa kuwa mbunge upande wa wapinzani. Njoo unisaidie kufurahi, peke yangu siwezi."

Nilijua kwamba Lubere ni mfungwa. Alikuwa kapteni wa jeshi, akaasi, akahukumiwa miaka kumi na miwili, na hapo amemaliza saba. Nikajiambia, kama kachaguliwa, basi katoka. Nilipofika Tondwe, mji wao, nikamkuta Nambua jikoni anafunga wali kwenye jani la mgomba.

"Wa nani huo?"

"Wa gerezani."

"Si umeniandikia kachaguliwa?"

"Kachaguliwa, somo. Kawaacha wenzake mbali."

"Sasa gerezani kuna nani?"

"Miguu yake," akasema, akakaza kamba. "Iliyofungwa ni miguu. Mwenyewe hajafungwa."

Nikakaa juu ya kinu.

Huko Ukondo mahakama haimhukumu mtu mzima. Wanaona ni ukatili. Hakimu hutafuta kiungo kilichokosa, akakihukumu hicho peke yake, na viungo vingine hubaki huru kabisa. Mwizi hufungwa mkono. Mchochezi hufungwa ulimi. Lakini kwa kuwa viungo vya mtu vimeshikana, vile visivyo na hatia huingia gerezani kusindikiza, na kwenye daftari huandikwa kuwa ni wageni. Nililiona daftari hilo kwa macho yangu. Gereza la Tondwe lilikuwa na mikono kumi na tisa, ndimi nne, jozi moja ya miguu, na wageni wengi.

"Miguu yake ilifanya nini?" nikauliza.

Nambua akanieleza polepole, kama mtu anayepita mahali penye utelezi. Kulikuwa na vita mpakani. Mkuu wa nchi akatangaza vita vimekwisha na hakuna aliyekufa. Na Ukondo mtu hafi mpaka atangazwe, redioni au Bungeni. Asiyetangazwa yu hai. Mkewe hakai eda, nguo zake hazigawiwi, na kila jioni lazima atengewe chakula chake, sahani ifunikwe kawa, isubiri. Askari sitini na watatu walikuwa chini ya udongo, na kwa sheria wote wazima. Lubere alikuwa kawazika kwa mikono yake. Akaandika majina yao kwenye karatasi, akachukua askari themanini, wakaenda mpaka nyumba ya redio, akaingia akaanza kusoma. Alipofika jina la kumi na moja umeme ukakatwa. Risasi hata moja haikulia.

"Lakini kilichosoma ni mdomo," nikasema.

"Ndivyo hakimu alivyoona tabu. Ukihukumu mdomo, sheria inataka uandike kila neno mdomo ulilosema, na hukumu inasomwa hadharani. Wangeyasoma majina wenyewe. Basi wakahukumu miguu, kwa kosa la kwenda redioni."

"Na mdomo?"

"Hauna hata doa," akasema Nambua, na kidogo akajidai. "Ndio uliogombea."

Kweli, picha za kampeni zilikuwa bado ukutani. Lubere kuanzia kiunoni kwenda juu. Chini ya kiuno ni mali ya gereza, haipigwi picha.

Siku ya Ijumaa tukaenda kumwona. Nilitegemea minyororo. Nikakuta sanduku la mbao lililofika magotini, kubwa kama la maiti ya mtoto, lina matundu mawili juu, na miguu ya mtu imeingia humo. Nyuma ya sanduku alikaa Lubere kwenye kigoda, kavaa shati safi, anacheza bao na askari jela wake, Sajini Kwembe.

"Shikamoo mama mdogo," akaniambia. "Unisamehe, sisimami. Wenyewe hawajaniruhusu."

"Marahaba mwanangu. Inauma?"

"Muulize Sajini. Yeye ndiye mwenye miguu."

"Haiumi, bi mkubwa," akajibu Sajini Kwembe kwa adabu. "Naifungulia kila Jumapili naiosha mwenyewe."

Nambua alimlisha mwanawe, akampapasa kichwa, mabega, mgongo. Mkono ukashuka mpaka gotini ukasimama. Sajini akakohoa. Ndugu wa mfungwa haruhusiwi kugusa kiungo kilichohukumiwa. Miaka saba hakuwa ameuona unyayo wa mwanawe, yeye aliyeukanda kwa mafuta ya nazi alipokuwa mtoto.

"Bunge likikubali, miguu itatoka," akanong'ona tukirudi. "Mbunge hawezi kuwa sandukuni, somo. Wataona haya."

Nami nikasema wataona haya. Sikuwa nimewaona bado.

Nyumbani akatoa kopo mvunguni mwa kitanda, na ndani ya kopo ile karatasi. Aliachiwa na mwanawe, akaificha miaka saba, hajui ni majina ya nani, na hakumpa jirani hata mmoja. "Nisomee," akasema. "Nataka nijue nimelalia nini." Shule yangu iliishia darasa la nne lakini mwandiko wa askari ni wa wima, unasomeka. Nikamsomea alasiri ile, na ya kesho, na ya kesho kutwa, mpaka nikawa naweza kuyasema majina bila karatasi, kama tulivyokaririshwa jedwali la kuzidisha.

Alasiri ile ya tatu aliingia mwanamke mmoja aitwaye Sikujua, jirani wa nyumba ya pili. Kabeba sahani iliyofunikwa.

"Mama Kapteni, hodi. Nimepungukiwa chumvi, na muda wa kumtengea baba Tuma umefika."

"Baba Tuma ni nani?" nikauliza.

"Mume wangu, bibi. Koplo Mbwelwa. Yuko mpakani." Akacheka kicheko kifupi. "Ana miaka saba hajala hata tonge, na mimi namtengea. Akirudi atakuta nimekuwa mpishi hodari. Asiporudi nitakuwa nimewanenepesha kuku."

Nikaitazama karatasi iliyokuwa mapajani kwangu. Wa kumi na mbili: Koplo Mbwelwa. Nikafungua mdomo, na Nambua akanifinya paja.

Alipotoka Nambua akaniambia, "Ukilitaja wewe hapa ni umbeya. Likitajwa Bungeni ndiyo kifo. Usimfanyie hivyo mtoto wa watu, akawa na mume aliyekufa kwa umbeya na akamtengea chakula kwa sheria."

Sikulala vizuri kwa jambo hilo.

Kesho yake nilimkuta Sikujua kisimani nikamuuliza kwa nini watu wa Tondwe walimchagua mtu aliye sandukuni, badala ya mtu anayetembea.

"Bibi, wale wanaotembea tuliwachagua," akasema. "Wa kwanza alipanda gari siku ile ile, hatujamwona tena. Wa pili alisema anakwenda kuchukua miwani. Miguu ndiyo iliyowapeleka. Huyu tunajua alipo. Ijumaa unakwenda, unamkuta. Na ana majina yetu mdomoni. Miguu yake ya nini sisi?"

Nikashtuka. "Mama yake anataka itoke."

"Najua," akasema Sikujua, akajitwisha ndoo. "Nami ningekuwa mama yake ningetaka. Lakini mimi ni mke wa mtu, na sijui ni mke au ni mjane. Hilo tu nataka niambiwe, na mdomo wenye kiti."

Bunge la Ukondo lilikaa siku nne kujadili mdomo utaapishwaje. Lilihamia Tondwe kwa ajili hiyo, katika ukumbi wa soko la zamani, na mimi na Nambua tukapata nafasi kwenye mabenchi ya wananchi. Mbunge mmoja alitaka uletwe mdomo peke yake, na akauliza kama hospitali ina mtaalamu. Spika, Mheshimiwa Ndimbo, bwana mnene mwenye sauti laini kama ya mtu anayebembeleza mtoto, akamshukuru kwa mchango wake na kuagiza uandikwe. Mwingine akasema kila mbunge aapishwe akiwa amesimama, na kwa kuwa huyu hana cha kusimamia, achaguliwe aliyeshindwa, maana yeye anasimama vizuri sana. Aliyeshindwa akasimama watu wakamwona. Siku ya nne wakakubaliana kwamba sanduku ni gereza popote lilipo. Basi liletwe pamoja na mwenyewe, miguu iwe gerezani na mdomo uwe Bungeni, na Sajini Kwembe akae kati, ashike ufunguo.

Watu wakashangilia. Mimi nilimtazama Nambua. Alikuwa kashika kifua. Haya hawakuona.

Siku ya kiapo askari wanane walimbeba kwenye machela, sanduku likining'inia mbele. Njia nzima ilijaa wanawake, na wengi walibeba sahani zilizofunikwa. Nambua alimpenyezea mwanawe karatasi alipopita.

Lazima nieleze ukumbi ulivyokuwa, la sivyo hamtaelewa. Wabunge wa Serikali hukaa wakimtazama Spika. Hawasemi, kazi yao ni kugonga meza, na meza zao zina mito midogo ya ngozi wasiumie. Wapinzani hukaa wakitazama ukuta. Wao ndio wanaosema, na kila wanalosema makarani huliandika kwa chaki kwenye vibao. Jioni vibao huoshwa, na maji yake humwagiliwa maua ya bustani ya Bunge. Sijapata kuona mawaridi makubwa kama yale. Lakini jina la marehemu likishatamkwa na mbunge limetamkwa, hata kibao kioshwe mara mia. Sheria hiyo ni ya zamani, na hakuna aliyekumbuka kuifuta. Tondwe nzima ilikuwa imeshikilia hapo.

Lubere akaapa. Wakamgeuza akatazama ukuta. Akafunua karatasi.

"Mheshimiwa Spika," akasema, "miaka saba iliyopita nilikatizwa na umeme. Naomba kuendelea. Wa kumi na mbili..."

"Taarifa," akasema Spika kwa ile sauti laini. "Samahani sana, mheshimiwa. Bunge hili lina furaha kubwa ya kukukatiza. Mkuu wa nchi ameisamehe miguu yako."

Akamgeukia Kwembe.

"Sajini, fungua. Ila kuna jambo dogo la utaratibu. Wapinzani hawana viti vya mwenye miguu iliyosamehewa. Msamaha ni wa Serikali, na miguu ya Serikali hukaa upande wa Serikali. Huko, kama ujuavyo, hatusemi. Mheshimiwa, uamuzi ni wako kabisa. Ukipenda, baki sandukuni usome. Imebaki miaka mitano. Mkuu hamlazimishi mtu."

Sajini Kwembe alikuwa kashika ufunguo. Lubere akageuza shingo, maana mwili haukuweza, akatutazama wananchi.

"Kapteni, soma!" Sikujua alipaza sauti. Kasimama juu ya benchi, sahani mkononi. "Soma moja tu! Moja!"

Na wenzake wakaitikia, "Soma! Soma!"

Nambua akasimama. Sikuwahi kumsikia akipaza sauti, hata unyagoni hakulia. "Lubere! Toka humo! Mimi nilizaa mtoto mwenye miguu!"

Hapa nitasema kweli, ijapokuwa inanichoma. Nami niliita. Nilisimama kando ya somo yangu nikaita, "Toka mwanangu, toka!" Nilikuwa na majina yote kichwani, na nilikuwa nimeona sahani ya Sikujua, na bado nikaita toka.

Lubere akatazama karatasi kwa muda. Akaikunja. Akasema, "Fungua, Sajini."

Miguu ilitoka myeupe kama mizizi ya muhogo uliomenywa. Alipokanyaga chini akaanguka. Nambua akawaruka askari, akaruka kamba iliyotutenga sisi wananchi, akapiga magoti mbele yake akamnyooshea mikono, na mbele ya Bunge zima la Ukondo akaanza kumwimbia kama anavyoimbiwa mtoto wa miezi kumi: "Dede! Simama dede! Dede, baba!"

Wabunge walicheka. Kisha hawakucheka.

Akasimama. Akaachia mkono mmoja wa mama yake, halafu wa pili. Hatua moja. Ya pili. Nambua alirudi nyuma kinyumenyume akimwita, kuelekea mlangoni, kuelekea nyumbani. Na Lubere akapita kando yake. Alitembea akiyumba hadi upande wa Serikali, akaketi kwenye kiti kilichokuwa kimeshawekewa mto. Karani akamnyang'anya karatasi kwa heshima, akaitia kwenye ndoo ya kuoshea vibao. Spika akasema msamaha umepokelewa. Meza zikagongwa. Nilitazama mkono wa Lubere. Ulikaa juu ya mto kidogo, kisha ukagonga nao.

Gari lilikuwa nje. Aliingia humo miguu ikitangulia.

Nambua alibaki amepiga magoti, mikono imenyooshwa vilevile. Sajini Kwembe ndiye aliyemnyanyua. "Mama, nisamehe," alikuwa akisema. "Mimi nilikuwa naiosha kila Jumapili. Nilidhani naijua."

Nilimshika Nambua mkono mpaka nyumbani. Tulipofika alijilaza akageukia ukuta. Jua lilikuwa bado juu kidogo nikamsikia Sikujua kule kwake akipiga mwiko kwenye sufuria. Anasonga ugali. Nikasema moyoni, kumbe baada ya yote haya bado anatenga. Nikatoka nikaenda.

Alikuwa ameketi mkekani mbele ya sahani mbili, moja yake, moja ile ya kawa.

"Karibu bibi. Umekuja kunicheka?"

"Nimekuja kuomba radhi. Niliita toka."

"Nilikusikia. Una sauti, kwa umri wako." Akapangusa mikono. Halafu akaniuliza bila kunitazama, "Mama Kapteni hajui kusoma. Ile karatasi alisomewa na nani?"

"Na mimi."

"Yote?"

"Yote. Mara tatu."

"Wewe si mbunge."

"Si mbunge. Hata si mtu wa hapa. Nikisema ni umbeya."

Ugali ukatoa moshi mpaka ukaacha. Kuku wakasogea, wamezoea.

"Basi nifanyie umbeya," akasema.

Nikamwambia. "Wa kumi na mbili. Koplo Mbwelwa. Kapteni ameandika pembeni, alizikwa chini ya mkwaju, na buti zake."

Sikujua hakulia hapo hapo. Aliinua ile kawa, akatazama chakula kama mtu aliyesahau alichopika. Akamega tonge, akala. Akala sahani ile yote, polepole, tonge baada ya tonge, na machozi yakaanza alipofika katikati lakini hakuacha kula. Alipomaliza akaiosha sahani, akaifuta, akaiweka juu kabisa ya kabati. Kisha akafungua kilemba chake cha rangi akajifunika khanga nyeupe.

Kwa sheria ya Ukondo, mume wake yu hai mpaka leo.

Niliposimama niondoke sikuweza kutoka. Mlangoni palikuwa pamejaa. Wanawake walikuwa wamesimama uani, na nyuma yao barabarani, wazee na wasichana, kila mmoja na sahani iliyofunikwa. Wamesikia wapi, sijui. Ukuta wa Tondwe ni wa fito. Askari jela mmoja alikuwa kasimama upande wa pili wa barabara. Alikuwa Sajini Kwembe, kavua kofia.

Wakapisha njia, akapita Nambua. Macho yamevimba. Mkononi ana ungo wa kunde. Akakaa chini miguuni pangu, akahesabu kunde kumi na moja akaziweka upande, akaongeza moja, akamtazama Sikujua aliyejifunika nyeupe, akaitikia kwa kichwa.

"Karatasi wameiloweka, somo," akasema. "Unayakumbuka?"

"Nayakumbuka."

"Basi sema taratibu. Mimi nitahesabu, tusimruke mtoto wa mtu."

Akachukua kunde nyingine akaishika tayari. Nikajikohoza.

"Wa kumi na tatu," nikasema.